Mvumo kwenye spika, shoti kwenye maiki: ethi ya ukumbi wa kanisa ifungwe vipi?

Kwaya_Kihonda

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa mafundi umeme na mafundi sauti. Ukumbi wa kanisa, Morogoro, unachukua watu kama 300. Mikisa ya chaneli 16 iko nyuma, mita 25 kutoka jukwaani. Jukwaani kuna amplifaya 2, spika 4, sabwufa 2 zenye amplifaya ndani, kinanda, na gitaa la besi na kombo yake (amplifaya na spika katika boksi moja). Projekta iko darini, imeungwa kwenye laini ya taa. Mikisa inakula umeme wa soketi ya nyuma, amplifaya wa soketi za jukwaani.

Laptop ya nyimbo ikichomekwa kwenye mikisa na kwenye projekta kwa pamoja, spika zinavuma muda wote. Fundi aliyefunga akakata pini ya ethi (njia ya usalama inayoshuka ardhini) kwenye plagi ya kombo na ya amplifaya moja, mvumo ukapungua. Sasa mpiga besi, ambaye pia anaimba, akigusa maiki kwa mdomo huku ameshika nyuzi anapigwa shoti. Tukiwa kwenye jenereta (kVA 5) shoti inazidi.

Tumeshauriwa tuchimbie vyombo vya sauti fimbo yao ya ethi, mbali na ya jengo. Ni sawa? Na mvumo tunautoaje?

FundiMkondo

Mkuu, kombo na hiyo amplifaya visichomekwe tena mpaka plagi zenye pini tatu nzima zirudi. Leo, si Jumapili ijayo.

Ndani ya vifaa vingi vya sauti kuna kichujio chenye kapasita ndogo mbili: moja kutoka laivu kwenda kwenye bodi ya chuma, nyingine kutoka nyutro kwenda hapo hapo. Ukikata ethi, bodi inaelea katikati, karibu volti 115. Nyuzi za besi zimeungana na bodi hiyo kupitia shildi (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani) ya waya wa gitaa. Maiki nayo imeungana na ethi ya mikisa. Mdomo wa mwimbaji ndio unaokamilisha njia. Mkondo wa kapasita ni mdogo, ndiyo maana hadi sasa anawashwa tu. Siku insulesheni ya transfoma ikichoka, bodi inabeba 230 kamili na hakuna breka itakayoruka, maana mkondo hauna pa kupita isipokuwa mwilini. Mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, aliposhika maiki yenye hitilafu ya ethi.

Sasa pima soketi moja moja kwa malti-mita, AC. Laivu na nyutro: karibu 230. Laivu na ethi: karibu hiyo hiyo. Nyutro na ethi: volti 0 hadi 3 hivi vyombo vikiwa vinafanya kazi. Ukikuta laivu na ethi inasoma 80 au 140 na namba inachezacheza, tundu la ethi lipo lakini nyuma hakuna waya, au kiungo kimeachia. Angalia pia mahali ambapo watu huingiza kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Kifaa chenye bodi ya chuma kikichomekwa hivyo hakina ethi kabisa.

SautiSafi

Nianzie alipoishia FundiMkondo. Mvumo wenu hautoki kwenye ethi kuwapo, unatoka kwenye ethi kuwa na njia mbili. Laptop imefika kwenye ethi kupitia waya wa HDMI na projekta (laini ya taa), na imefika tena kupitia waya wa sauti na mikisa (soketi ya nyuma). Kati ya ethi hizo mbili hata nusu volti inatosha kusukuma mkondo kwenye shildi. Na waya wa jeki ya 3.5 mm si wa balansi: shildi yake ndiyo pia njia ya sauti kurudi, kwa hiyo mikisa inausikia mkondo huo kama vile ni muziki.

Hakikisheni kwanza. Acheni kila kitu kikiwa kimewashwa, chomoeni HDMI. Mvumo ukikoma, ndiyo hiyo. Ukibaki, chomoeni chaja ya laptop. Ukibaki bado, teremsheni chaneli za mikisa moja moja. Kama chaneli zote ziko chini na spika zinavuma, tatizo liko kati ya mikisa na amplifaya.

Dawa ya laptop ni boksi la DI la stereo lenye transfoma. Jeki inaingia upande mmoja, waya mbili za XLR (zenye plagi za pini tatu kama za maiki) zinatoka kwenda mikisa, na swichi iliyoandikwa LIFT inawekwa upande wa kukata. Sauti inavuka kwa sumaku na shildi haiunganiki. Kinanda nacho kipite kwenye DI, usikikimbizie waya wa jeki wa mita 25. Besi vilevile.

Kwenye XLR pini 1 ni shildi, 2 ni chanya, 3 ni hasi. Kama mvumo uko kati ya mikisa na amplifaya au sabwufa, na laini ni ya balansi, mnaweza kuachia pini 1 upande wa amplifaya tu, upande wa mikisa ibaki imeungwa. Waya huo uwekwe utepe mwekundu na maandishi, asije mtu akauchukua kwa maiki: volti 48 za maiki ya kondensa zinarudi kwa pini 1, ikikatwa maiki haifanyi kazi. Na kasha la chuma la plagi ya XLR lisiunganishwe na pini 1 ndani ya waya. Likigusa bomba au fremu ya jukwaa linaleta njia nyingine.

Kitakachopunguza kazi zaidi ya vyote ni umeme wote wa sauti kutoka sehemu moja. Wekeni DB (boksi la breka) ndogo jukwaani. Amplifaya, sabwufa, kombo na kinanda vichomekwe hapo, kisha vuteni waya mmoja wa pini tatu kutoka hapo hapo hadi kwa mikisa, laptop ikae humo humo. Kama jengo lina fezi tatu, sauti yote iwe fezi moja. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Mikisa kwenye nyekundu na jukwaa kwenye bluu, waya mmoja ukichubuka mtaiona hiyo 400.

BasiMkubwa

Turudi kwenye swali la kuchimbia sauti fimbo yake ya ethi. Hiyo fimbo ya peke yake mbona inafanya kazi? Ethi ya jengo ina takataka za friji na mota za feni, ya sauti inakuwa safi.

FundiMkondo

Mvumo unaweza kupungua kweli, ila umenunua hatari. Chukua fimbo nzuri tu yenye ohm 20. Laivu ikigusa bodi, mkondo ni 230 gawanya kwa 20, yaani 11.5 A. Breka ya 20 A haina habari. Bodi zote zilizofungwa kwenye fimbo hiyo zinakaa na umeme mpaka mtu aguse. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili zisizounganishwa zinapishana maelfu ya volti, na pengo hilo linapita kwenye waya wa sauti unaounganisha pande mbili. Ongezeni fimbo mkitaka, lakini iungwe na ethi kuu ya jengo kwa waya wa shaba, 16 mm².

Kama ethi yenu inategemea fimbo peke yake, RCD (swichi inayokata umeme ikihisi unavuja) ya 30 mA ni lazima, si pambo. Fimbo ziwe za chuma kilichovikwa shaba, mm 16, urefu wa mita 1.2 au zaidi, na zikiwa mbili zipishane angalau mara mbili ya urefu wake. Fundi apime kwa mita ya ethi. Zaidi ya ohm 200 usiiamini, kiangazi udongo ukikauka itapanda zaidi.

Waya wa kulisha DB ya jukwaa: umbali wa mita 30 na mzigo wa 20 A, waya wa 2.5 mm² unapoteza karibu volti 11, wa 4 mm² karibu 6.6. Vuteni 4, au 6 kama mnategemea kuongeza sabwufa. Breka ziwe aina C, kwa sababu amplifaya zikiwashwa hunyonya mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo na aina B huruka bure. Washeni mikisa kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Kazi ya DB aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

stima_nakuru

Kuhusu jenereta: nyingi za kubebeka nyutro yake haijaungwa na ethi. Pima nyutro na ethi ikiwa inanguruma. Ukiona kati ya volti 60 na 120 ujue inaelea. Hapo RCD yako haina kazi, haioni uvujaji. Fundi wa stima aunge nyutro na ethi kwa jenereta, sehemu moja tu, fremu yake ifungwe kwa ethi ya jengo, na swichi ya kubadilishia iwe ya poli mbili ikate laivu na nyutro pamoja. Kama ni ya invata soma kitabu chake kwanza. Na msilishe jengo kwa ule waya wenye plagi pande mbili, tafadhali.

Lingine: spika zisitumie plagi za 13 A. Siku moja mtu ataichomeka ukutani. Tumieni Speakon (plagi maalumu za spika), matundu ya 1+ na 1−.

Kwaya_Kihonda

Asanteni sana wakuu. Plagi zimerudishwa, na HDMI ndiyo ilikuwa chanzo. Swali moja: RCD ya 30 mA tuliyonayo inaruka tukiwasha vyombo vyote, ingawa kimoja kimoja haina shida.

FundiMkondo

Ni zile kapasita za vichujio. Kila kifaa kinavujisha kidogo kwenda kwenye ethi hata kama hakina hitilafu, na RCD ya 30 inaruhusiwa kuruka kuanzia 15. Gawanyeni: badala ya RCD moja, wekeni breka zenye RCD ndani, moja ya amplifaya, moja ya sabwufa, moja ya kombo na kinanda, moja ya mikisa. Kabla ya kununua, fundi apitishe laivu na nyutro pamoja kwenye klampu mita ya uvujaji, kifaa kimoja baada ya kingine. Kitakachosoma zaidi ya 3.5 mA peke yake kifunguliwe na kukaguliwa.