Mwanafunzi wa fiziotherapia kuachiwa timu peke yake: saa hizo zihesabiwe?

Wadau, tujadili hili. Wanafunzi wa fiziotherapia wanaotaka kubobea kwenye michezo wanadai waruhusiwe kufanya fildi yao yote kwenye klabu badala ya wodini. AFCON 2027 inakuja kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, na wanasema wataalamu wa michezo hawatoki wodi ya kiharusi.

Mimi naunga mkono fildi za klabu, kwa sharti moja: kama msimamizi mwenye leseni hayupo palepale uwanjani, saa alizofanya mwanafunzi hapo zisihesabiwe kwenye fildi yake.

Klabu ni muhimu kweli. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ACL, kano ya ndani ya goti, mwanafunzi anamkuta hospitalini wiki za mwanzo tu: kupunguza uvimbe, kunyoosha goti, kuamsha misuli ya paja. Akishaacha magongo, haonekani tena wodini. Kazi iliyobaki ni kukimbia, kugeuka kwa kasi, kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kupima kama mguu ulioumia umelingana nguvu na mzima. Hiyo inafika miezi 9 na zaidi, na inafanyika kiwanjani.

Ila klabu nyingi za madaraja ya chini hazina fizio wa kudumu. Mwanafunzi akifika na barua ya chuo anakabidhiwa begi la dawa na timu nzima. Nimeshuhudia mechi moja mkoani, beki kagongana kichwa na mshambuliaji. Kijana wa fildi kapiga magoti pale, na beki anamuuliza matokeo ni ngapi ngapi. Kocha anafoka kutoka kwenye mstari: "Anaendelea au haendelei?" Kijana akageukia benchi, hakuna wa kumuuliza. Akammwagia maji kichwani, akamwinua, mechi ikaendelea.

Mwongozo wa kimataifa uko wazi: ukishuku mtikisiko wa ubongo, mchezaji anatoka na harudi siku hiyo. Naamini kijana yule aliusoma. Lakini atamkataliaje kocha mbele ya mashabiki, wakati klabu hiyohiyo ndiyo itakayomjazia fomu ya tathmini?

Wapo wanaosema bora mwanafunzi kuliko kukosa mtu kabisa. Nawaelewa, wachezaji wa daraja la chini nao wanaumia. Lakini klabu ikishazoea kupata fizio wa bure kila msimu wa fildi, itaajiri lini? Wahitimu wetu wako mtaani na vyeti vyao.

Na wanaotaka wodi zifutwe kabisa wafikirie mchezaji mwenye maumivu ya kigimbi baada ya safari ndefu ya basi. Huenda ni msuli, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukimkanda mwenye damu iliyoganda unamhatarishia maisha, na jicho la kumtambua linapatikana kwa kuona wagonjwa wengi hospitalini.

Mimi ningependekeza klabu mbili tatu za mji mmoja zichangie msimamizi mmoja. Wanafunzi wawe naye siku za mazoezi, na siku ya mechi waende na timu anayokwenda yeye. Klabu ndizo zimlipe, maana huduma wanapata wao, si chuo. Viongozi wa klabu na walimu wa vyuo mliomo humu, kama mnaona chuo ndicho kibebe gharama hiyo, leteni hoja zenu.