Naomba ushauri: mgombea wa jimbo Texas, msimamo wake kuhusu mahabusu za wahamiaji siuelewi

Wakubwa shikamoni, wengine habari zenu. Niko Houston, Novemba napiga kura mara ya kwanza tangu nipate uraia na kwakweli nimekwama. Kuna mgombea wa bunge la jimbo kaacha kipeperushi chake mlangoni kwangu, yuko na sherifu wanapeana mikono na maandishi makubwa MPAKA SALAMA, ila kuhusu kuwaweka wahamiaji ndani hakuna hata mstari. Kanisani kwetu kuna mama kesi yao ya hifadhi haijaisha na mumewe anashikiliwa kwenye mahabusu ya wahamiaji Conroe, mji wa karibu na Houston, ndo maana hili siwezi kulichukulia poa. Tovuti yake nimeisoma yote, nikampigia mtu wa kampeni akanijibu tu kwamba mgombea anaheshimu sheria, sasa sheria ipi, maana hata ile sheria ya Texas ya SB4 ya 2023 ya polisi wa jimbo kukamata wanaovuka mpaka kinyume cha sheria ilipingwa mpaka mahakamani.

Naombeni mnisaidie, mbunge wa jimbo ana nguvu gani kweli kwenye hizi mahabusu wakati ICE, idara ya uhamiaji inayokamata na kushikilia wahamiaji, iko chini ya serikali kuu? Na kwa vile hajawahi kukaa bungeni tukaona kura zake, Jumamosi kwenye mkutano nimuulize swali gani asiweze kulikwepa?