Naombeni ushauri: PhD, familia na uzee wa kanisa vimenizidi

Habari zenu wapendwa. Mi ni mhadhiri msaidizi chuo kimoja hapa Moshi, nina mke na watoto wawili, PhD niko mwaka wa 3. Shida ni muda jamani. Kwetu KKKT (kanisa la Kilutheri) mi ni mzee wa kanisa na niko kwaya, katikati ya wiki jumuiya, wikiendi hazikosi msiba au kipaimara Machame au Marangu na usipopanda huko mlimani ukoo unasema usomi umekulevya. Supavaiza yuko Dar anataka sura ya 4 mwisho wa mwezi, naandika saa 8 usiku mpaka 11 alfajiri afu darasani nasinzia mbele ya wanafunzi. Juzi binti yangu wa darasa la 2 kaniuliza baba we unaishi kwenye kompyuta? Nilicheka ila iliniuma.

Waifu anasema niachie uzee nibaki na kwaya, mama anasema nikimwacha Mungu hata hiyo PhD haitaisha (mama wa Kichaga mnawajua). Mi naona kusoma nako ni utumishi, ila mchungaji nimwambieje asidhani nimepoa? Mliopitia, mlikata nini kwanza? Na kuahirisha mwaka kunasaidia au ndo unaishia hapo hapo?