NYUMBA YA COLUMBUS: JIBU KABLA YA IJUMAA

*Rukia amebadilisha jina la kikundi kutoka "Kina Nyanya Barawa" kuwa "NYUMBA YA COLUMBUS: JIBU KABLA YA IJUMAA"*

Jumatatu, Septemba 2025

Rukia: Assalamu alaykum nyote. Salimu na Hamadi mlioko San Diego, hili ni lenu kwanza, lakini wengine msikimbie. Ile nyumba ya huku kwetu Columbus, Ohio, bado ipo. Ni ya pande mbili, kila upande vyumba vitatu, na chini kuna stoo ya kuwekea mashine ya kufulia. Kodi 1,600 kila upande. Mwenyewe ni mtu wa msikitini kwetu, hajaitangaza popote. Amenipa mpaka Ijumaa baada ya swala. Ataka dipoziti ya mwezi mmoja kila upande.

Rukia: Salimu, weka ile barua ya mwenye nyumba wako hapa watu waione.

Rukia: Salimu?

Athumani Mombasa: Waalaykum salaam. Hiyo Columbus ina bahari?

Rukia: Haina, mjomba. Kuna Ziwa Erie, mwendo wa kama saa mbili kwa gari.

Athumani Mombasa: Mtu wa Barawa, pwani ya Somalia, akaishi pasipo papa wala ngisi! Mpigieni picha ya mwisho akiwa ufukweni.

Faiza: 😂😂😂 Babu

Rukia: Mjomba, tafadhali. Hili ni la haraka.

Faiza: Baba yuko kazini, shangazi. Barua hii hapa. [picha] Kodi yetu ya hapa kutoka 2,600 yapanda 2,820, kuanzia tarehe 1 Novemba.

Hamadi: Dola 220 kwa mkupuo? Yaruhusiwa hiyo?

Rukia: Yaruhusiwa. Sheria ya Kalifornia ya 2019 yasema mwenye nyumba asipandishe zaidi ya asilimia 5 ukijumlisha na mfumuko wa bei, na kwa vyovyote asivuke 10. Hii ni kama 8 na nusu. Hakuna pa kumshika. Na mwakani ana haki ya kupandisha tena, na mwaka wa pili yake tena. Ndilo ninalowaambia tangu nilipotoka huko. Mtu hafukuzwi San Diego, aongezewa kidogo kidogo mpaka atoke mwenyewe.

Hamadi: Kweli hiyo.

Rukia: Nanyi wote wawili mko City Heights, hakuna tena mtaa wa bei nafuu wa kuhamia. El Cajon imepanda. Chula Vista imepanda. Mbele yenu ni jangwa au jimbo jingine.

Athumani Mombasa: Au Mombasa. Chumba cha uani kipo.

Faiza: 😂

Jumanne

Rukia: Ujumbe wa jana mumeusoma watu 19. Waliojibu ni watatu, na mmoja wao yu Mombasa.

Rukia: Hamadi, wewe dereva wa lori, una wasiwasi gani? Kazi yako iko kila mahali. Ukihama una siku 30 za kubadilisha leseni ya lori iwe ya Ohio. Na mkeo ana kadi ya kijani ya ukaazi bado, hajawa raia, kwa hiyo ndani ya siku 10 ajaze fomu ya AR-11 kuwaarifu Uhamiaji anwani mpya. Ni ya bure, yajazwa kwenye simu. Wengi husahau kisha barua zao zaenda kwenye nyumba ya zamani.

Hamadi: Sina wasiwasi na karatasi. Nauliza kodi ya mshahara. Madereva wenzangu wote wasema nenda Texas, jimbo halikati mshahara hata senti.

Rukia: Texas haikati mshahara, lakini kodi ya majumba ni kubwa na mpangaji huilipa ndani ya kodi yake. Halafu Februari 2021 umeme ulipokatika kwenye ile baridi, watu waliganda ndani ya nyumba zao. Texas tuna nani? Hapa munanikuta mimi, mwakuta Wabarawa, Wasomali, Wakongo wanaozungumza Kiswahili dukani. Nyanya atapata wa kuzungumza naye Chimiini, lugha yetu ya Barawa.

Hamadi: Na Ohio je? Sema yote.

Rukia: Nasema yote. Mwenye mshahara usiozidi dola 26,050 jimbo halimkati, akizidisha hapo, kwa mishahara yetu, hukatwa asilimia 2.75 ya zinazozidi na kiasi kidogo juu yake. Mji wa Columbus wakata asilimia 2.5 ya mshahara, tena kuanzia dola ya kwanza. Sikuwahi kuficha hilo. Lakini Kalifornia inawabana matajiri kwenye mshahara, sisi yatubana kwenye kodi ya nyumba na petroli. Hapo mwajaza kwa zaidi ya dola 4 na nusu galoni. Mimi nimejaza leo kwa 3 na senti.

Amina Mama Faiza: Wifi, na mimi niseme?

Rukia: Sema wifi, ndicho ninachokitafuta.

Amina Mama Faiza: Umetoa 1,600 kwenye 2,820, umepata tofauti ya 1,220 na umefurahi. Mimi nimekaa na daftari. Nyanya hapa mwaka huu apokea 1,206 kwa mwezi za SSI, ile pesa ya serikali ya wazee wasio na kipato, kwa sababu Kalifornia huongeza juu ya ile 967 ya serikali kuu. Ohio haimuongezi mzee anayekaa nyumbani kwake. Hapo zimeondoka karibu 240. Mimi nalipwa kumtunza na IHSS, mpango wa Kalifornia wa kutunza wazee majumbani: kumuogesha, kumpikia, kumpeleka kwa daktari. Saa zangu zimeandikwa. Siku tutakayovuka mpaka wa jimbo zasimama, na Medi-Cal yake, bima ya matibabu ya Kalifornia, yasimama, twaanza maombi upya. Mimi siendeshi gari. Hapa napanda basi namba 7 la University Avenue nashuka mlangoni pa kliniki. Huko wasema hakuna hata treni.

Amina Mama Faiza: Nikitoa mshahara wangu na pesa za Nyanya, hiyo 1,220 yako imekwisha kabla sijawasha hita.

Rukia: Ohio kuna mpango wa wazee kuanzia miaka 60, unaitwa PASSPORT. Wanakuja nyumbani kumpima, wakimkubali wanaleta mtu wa kumsaidia.

Amina Mama Faiza: Wakimkubali. Na mpaka wamkubali ni nani atakayelipa?

Faiza: Na mimi je? Chuoni City College silipi ada miaka 2 ya kwanza na nimebakisha mwaka huu. Ohio wataka nikae miezi 12 ndiyo nihesabiwe mwenyeji. Kabla ya hapo nalipa ada ya mgeni. Halafu hapa kwenye baga nalipwa 20 kwa saa, hiyo ni sheria. Nimetazama, kima cha chini Ohio mwaka huu ni 10.70.

Rukia: Hakuna anayelipa 10.70 mwanangu, maghala yaanzia 18, 19.

Faiza: Usiku.

Athumani Mombasa: Swali langu ni moja tu. Lile kochi lahama?

Hamadi: 😂😂😂 Wallahi nilikuwa nalifikiria

Faiza: Babu, lile kochi haliwezi hata kutoka mlangoni. Tuliliingiza kwa dirisha.

Athumani Mombasa: Basi kodini nyumba Columbus yenye dirisha kubwa.

Hamadi: Kuna siku nililala juu yake nikaamka miguu iko jikoni.

Rukia: JAMANI. Kochi si hoja. Lori la kukodi kutoka Kalifornia kuja huku ni ghali kuliko kwenda huko, kwa sababu watu wengi watoka kuliko wanaoingia. Kila futi mwalipia. Lori moja, familia mbili, mwagawana petroli, ni zaidi ya kilomita 3,500. Hamadi anaendesha.

Hamadi: Mimi naendesha? Nani kaniuliza?

Rukia: Sasa aendeshe nani, Athumani?

Hamadi: Dada, mimi kwenu ni dereva. Kila safari ya familia hii mimi ni wa kubeba. Orodha ikiandikwa, mimi wa mwisho.

Rukia: Hamadi, usianze.

Hamadi: Sijaanza mimi. Ilianza Utange, kule kambini Mombasa tulipokuwa wakimbizi. Kulikuwa na karatasi ya majina ya wa kuja Marekani, na kuna waliohesabiwa na kuna walioachwa. Mama yangu alikuja langoni na kikapu chake cha nguo kimefungwa kwa leso, kumbe jina halimo. Leo tena kuna karatasi, tena kuna tarehe ya mwisho, na tena Rukia ndiye mwenye kalamu.

Rukia: Mimi Utange nilikuwa mtoto wa miaka 11!

Hamadi: Sijasema wewe.

Rukia: Umesema mwenye kalamu.

*Maryamu Minneapolis ameondoa ujumbe huu*

Jumatano

Rukia: Naona kimya. Sawa. Nawakumbusha kesho kutwa ni Ijumaa.

Maryamu Minneapolis: Mashallah mashallah hongereni sana, Mungu amkuze 🤲

Faiza: Mama mdogo, nani amezaa?

Maryamu Minneapolis: Samahani nilikuwa kikundi kingine

Rukia: Salimu, ndugu yangu, nakuona uko hewani. Wiki nzima mkeo na bintiyo ndio wanaokujibia. Mimi sina ninalolipata kwenye nyumba hii. Kila nikikupigia usiku nasikia sauti yako imechoka, wafanya kazi mbili na bado tarehe 25 wanitumia ujumbe uongezewe kodi itimie. Sikudai, na sitakudai. Ila sitaki kuyasikia hayo mwaka mwingine.

Alhamisi

Faiza: Nyanya ametuma sauti. Babu Athumani huwa hasikii vizuri kwenye spika, kwa hiyo naandika kama alivyosema.

Faiza: "Nimesomewa yote. Rukia, Mungu akulipe, wataka kutukusanya, na mimi ndivyo nitakavyo. Lakini mumehesabu kodi, mumehesabu petroli, mumehesabu na pesa zangu za mwezi. Mimi mwenyewe hamkunihesabu. Barawa niliondoka usiku, sikuulizwa. Utange nilikaa, sikuulizwa. San Diego jina lake nilifundishwa ndani ya ndege. Safari hii nataka niulizwe."

Faiza: "Na wewe Hamadi. Habari ya karatasi iachie kwangu. Aliyeiandika yuko kaburini na mamako yuko kaburini, na kila alfajiri nawaombea wote wawili kwa majina yao. Usimtupie Rukia deni lisilo lake. Ukitaka kuuliza, njoo kwangu uniulize mimi, nitakwambia."

Faiza: "Mimi sihami kabla ya Idd. Faiza amalize chuo, baridi ipite. Atakayekwenda mbele aende akatutazamie, kama watu walivyokuwa wakifanya. Na kochi liuzwe."

Athumani Mombasa: Dada amesema.

Hamadi: Nimesikia, mama mkubwa. Nitakuja Jumapili baada ya laasiri.

Rukia: Labeka mama. Ni haki yako, nilipaswa kuanzia kwako.

Rukia: Lakini mama, Idd ni Machi. Mwenye nyumba hatangoja mpaka Machi na upande mmoja mtupu.

Amina Mama Faiza: Wifi, amesema.

Rukia: Nimesikia wifi. Nauliza tu upande wa pili wafanywaje.

Salimu: Nimesoma yote, tangu juu.

Rukia: ALHAMDULILLAHI

Salimu: Dada, siwezi kulipa 2,820 na siwezi kumvunjia mama neno. Nafikiria nije mimi kwanza na Hamadi, tukae upande mmoja, 800 kila mtu. Kina Mama Faiza wabaki mpaka Idd.

Amina Mama Faiza: Wabaki wapi? Na 2,820 ya hapa atalipa nani wewe ukilipa 800 huko?

Salimu: Hilo bado nalifikiria.

Amina Mama Faiza: Tafadhali lifikirie ukiwa nyumbani, si kwenye kikundi.

Hamadi: Mimi nije na mke wangu au nimuache? Upande mmoja, vyumba vitatu, Salimu na mimi na mke wangu. Lazima atauliza.

Athumani Mombasa: Hiyo nyumba ishakuwa Utange ndogo.

Rukia: Mjomba, hapo hapana.

Athumani Mombasa: Nisameheni. Kweli, hapo hapana.

Ijumaa

Rukia: Nimetoka msikitini. Nimezungumza na mwenye nyumba. Upande wa kushoto amekubali kumuwekea Hamadi, dipoziti nimetanguliza mimi nusu, 800. Upande wa kulia atanipa mpaka Jumapili usiku, na amesema wazi kuna watu wengine wanauulizia. Sikumuahidi.

Salimu: Nakutumia 800 ya nusu yetu. Bado sijasema ndiyo, nataka tu usiukose.

Rukia: Pesa zako akinikatalia nakurudishia.

Amina Mama Faiza: Salimu, hiyo 800 ni ya wapi?

Faiza: 👀

Hamadi: Mimi nataka tarehe ya lori. Nahitaji kuomba likizo mapema. Ni 10 Oktoba au 17?

Rukia: 10.

Amina Mama Faiza: 17. Tarehe 10 Nyanya ana daktari wa macho na Salimu ndiye anayetupeleka.

Rukia: Wifi, nani amesema Salimu yumo kwenye lori? Si amesema hajasema ndiyo?

Maryamu Minneapolis: Kochi mwauza bei gani?

Hamadi: Mumesema 10 au 17?