Ukame hutangazwaje, na nani huamua matumizi ya maji yazuiwe?

Ndugu zangu, asalaam aleikum.

Dada yetu wa Leeds, Uingereza, ameuliza kwa nini mwaka 2025 mvua ilinyesha mtaani kwake na bado akakatazwa kutumia mpira wa kumwagilia. Mimi niliishi huko kabla ya kurejea Mombasa, na nitajibu kwa urefu, kwa sababu swali lake linagusa pia fedha tunazotumiana na nyumbani.

Ukame hauna kipimo kimoja. Zamani Waingereza walihesabu siku 15 mfululizo ambazo hakuna hata moja iliyopata milimita 0.2 za mvua, wakasema huo ni ukame; lakini hesabu hiyo haielezi chochote kuhusu maji yaliyohifadhiwa. Wataalamu wa leo hutazama kwanza upungufu wa mvua, kisha ukavu wa udongo unaodhuru mazao, kisha kupungua kwa mito, mabwawa na maji ya chini ya ardhi, na mwisho hali ya watu kukosa maji ya kutumia. Mambo haya hayaanzi pamoja wala hayakomi pamoja. Mvua ya Julai huko Uingereza hunywewa na udongo na mimea, na sehemu kubwa hurudi hewani kama mvuke, ilhali akiba ya chini ya ardhi hujazwa hasa na mvua za Oktoba hadi Machi. Manyunyu ya wiki moja hayawezi kufidia majira ya kuchipua yaliyopita makavu.

Tena, anayetangaza ukame siye anayekukataza kuosha gari. Tangazo la ukame hutolewa na wakala wa serikali wa mazingira, eneo kwa eneo. Marufuku ya mpira huwekwa na kampuni ya maji yenyewe, kwa mamlaka iliyopewa na sheria ya maji ya mwaka 1991 kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, na kwa kufuata mpango wa ukame ambao kila kampuni inalazimika kuwa nao, unaoeleza hatua zitakazochukuliwa kadiri akiba inavyoshuka. Yorkshire, eneo lenye mji wa Leeds, ilitangazwa kuwa katika ukame Juni 2025, na marufuku ya kampuni yake ya maji, Yorkshire Water, ikaanza tarehe 11 Julai. Siku chache baadaye eneo la Midlands nalo likatangazwa, lakini wateja wa Severn Trent, kampuni ya maji ya huko, hawakuwekewa marufuku yoyote. Kwa hiyo usifuate habari za binamu aliyeko Leicester, mji wa Midlands. Soma tangazo la kampuni inayokuletea bili.

Kampuni ni lazima ichapishe tangazo hilo na kutoa nafasi ya watu kuleta pingamizi kabla halijaanza kutumika. Faini ya kulivunja inaweza kufika pauni 1,000. Kinachozuiwa ni mpira. Ndoo na kopo la kumwagilia vinaruhusiwa, na kupika, kuoga na kutawadha havikuguswa kabisa. Mwenye mzazi mlemavu aulize kampuni yake, kwa kuwa nyingi huwasamehe watu wa hali hiyo. Kuzuia matumizi ya biashara kunahitaji amri ya serikali, na kugawa maji kwa mabomba ya barabarani, kama ilivyotokea mwaka 1976, ni hatua ya mwisho kabisa.

Sasa nyumbani. Kenya inayo NDMA, mamlaka ya kudhibiti ukame, inayofuatilia kaunti 23 kwa kutazama mvua, hali ya malisho kwa picha za satelaiti, mwendo wa kufuata maji, maziwa ya mifugo na lishe ya watoto, kisha kuipa kila kaunti daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupata nafuu. Kilifi na Kwale zimo, Mombasa haimo. Hata hivyo mgao wa maji Mombasa upo, hata masika. Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na vyanzo vya Marere na Tiwi huko Kwale. Umeme ukikatika Baricho au bomba kuu likipasuka, Kisauni inakauka huku mvua ikinyesha. Natamani sana mkazi wa Likoni naye apate maandishi ya wazi yanayomweleza mapema hatua gani itafuata na kwa nini, maana anayenunua maji ya mkokoteni kila siku anastahili maelezo hayo kuliko mwenye bustani Leeds.

Kwa hiyo mama akipiga simu kusema hakuna maji, muulize kwanza kama ni bomba au ni mvua. Jamaa wa Ganze, huko Kilifi, ambao mahindi yamekauka wanahitaji chakula na lishe ya mifugo. Wa Bamburi au Changamwe, hapa Mombasa, wanahitaji tangi na mifereji ya paa: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hukusanya karibu lita 1,000, ukitoa kidogo inayopotea. Fedha za fundi zitumwe Februari au Machi, mifereji iwe tayari kabla masika hayajaanza Aprili.