Naomba ushauri: baka la mkononi kwa binti yangu, nimpeleke kwenye kipimo cha taa au akubali kuchanjwa ngozi apimwe?

BabaNuru: Habarini wanajukwaa. Nina binti wa miaka 11, yuko darasa la tano. Tangu mwaka jana ana baka mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Si jeupe kama karatasi, limepauka tu. Lilianza dogo kama kifuniko cha chupa ya maji, sasa linakaribia kiganja chake. Haliwashi. Zahanati walimpa dawa ya fangasi ya kupaka, tumemaliza wiki sita halijabadilika. Mama mkwe anasema ni mbalanga, ule ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi. Hospitali ya wilaya wanataka kumchanja ngozi wakwangue wapime, mimi sitaki. Nimesikia kuna taa, na kuna mashine zinazopiga picha ndani ya ngozi bila kukata. Tuko Liwale. Nimeshauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Je, picha peke yake inatosha?

ShangaziMkunde: Pole baba. Mimi nina mbalanga mwaka wa 14 huu, ilianzia vidoleni ikaja mdomoni. Taa hiyo naijua. Waliniambia ninawe kwanza mafuta na poda yote, wakafunga madirisha, wakawasha kitaa cha zambarau. Mabaka yangu yakawaka meupe yenye ubuluu, kingo zake kama zimechorwa kwa kalamu, hadi mengine ya shingoni ambayo hata sikuwa nayajua. Nililia mle gizani. Nilichojifunza ni hiki: mpende mwanao alivyo, kabla watu hawajamfundisha kujificha. Mimi nilivaa mikono mirefu miaka sita, na jua la Dodoma lile!

Kibuyu_cha_Asali: Mbuzi wawili! Mkuu, ungetualika supu kwanza.

TabibuMstaafu: Nimefanya kazi kwenye kliniki za wilaya miaka 31, nakujibu ulichouliza. Taa hiyo ni taa ya Wood. Kichujio chake cha mwanga alikibuni mwanafizikia Robert Wood, Mmarekani, mwaka 1903, na inatoa mwanga usioonekana wa takriban nanomita 365. Mahali rangi ya ngozi imekwisha kabisa, mwanga unapita na kuangaza nyuzi zilizo chini, ndiyo maana mbalanga inawaka vile Shangazi alivyoona. Utangotango, yaani fangasi wa ngozi, mara nyingi unatoa umanjano wa dhahabu. Baka lililopauka tu, rangi ikiwa bado ipo kidogo, halikolei sana. Kuna lenzi ndogo ya mkononi yenye mwanga, nayo inaonyesha kama rangi imebaki kuzunguka vinyweleo. Hizo mashine za kupiga picha ulizosikia hutumia leza, nazo zinaona pete za rangi chini ya tabaka la juu, na kwenye mbalanga pete hizo hupotea. Lakini zinafika kina cha takriban robo ya milimita tu.

Sasa nami nakuuliza: baka lina hisia? Chukua pamba, mtoto afumbe macho, aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa.

BabaNuru: Shukrani daktari. Mtoto yuko vizuri, anacheza, anakula. Mimi nauliza kuhusu picha. KCMC wana hiyo taa?

NeemaK: Kaka, umeulizwa swali jepesi umeliruka.

TabibuMstaafu: KCMC kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi, taa haiwezi kuwapiga chenga. Nangoja jibu la pamba.

BabaNuru: Sawa. Mwezi wa pili aliegemea sufuria ya uji iliyotoka motoni. Hakushtuka. Mama yake aliona malengelenge jioni wakati wa kumwogesha. Na babu yangu mzaa baba alifia kwenye kambi ya wakoma, hakuna aliyekwenda kumzika. Sasa mnielewe. Wakimchanja pale wilayani, kesho yake soko zima linajua. Nikirudi na karatasi ya Moshi yenye picha iliyoandikwa mbalanga, nimefunga midomo. Tiketi ni ya Alhamisi. Baba gani angefanya tofauti?

Mtumishi_77: Haya ya mababu yanafuata damu. Fungeni siku tatu, mtoto aombewe, ndipo mwende hospitali.

ShangaziMkunde: Mtumishi, na mimi niliambiwa hivyohivyo. Mwacheni mtoto.

Mchunguzi_Mkuu: Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Akaunti imefunguliwa leo. Mara mbuzi, mara leza, mara babu wa kambini. Subirini, muda si mrefu atatokea mtu na namba ya simu ya kliniki yenye mashine.

Kibuyu_cha_Asali: Kweli nami nilishangaa, Liwale na leza wapi na wapi.

NeemaK: Leza amesema amesikia tu. Acheni hizo.

TabibuMstaafu: Chai au si chai, naandika. Mbalanga haiui hisia. Baka lililopauka lisilohisi ni ukoma hadi ithibitike vingine, na ukoma unakula mishipa ya fahamu, ambayo taa haimuliki. Baka moja hadi matano, dawa ni miezi 6. Zaidi ya hapo, 12. Dawa ni bure. Muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, na familia nzima ikaguliwe. Mojawapo ya vidonge huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi kwa muda, msishtuke. Akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi mtu, anaendelea na shule. Akicheleweshwa, mkono huohuo unaweza kuja kupinda vidole.

BabaNuru: Mchunguzi, sina cha kuuza. Akaunti nimefungua leo kwa sababu sikutaka ndugu wanijue. Nimefanya ya pamba sasa hivi. Mkono wa kulia nilimgusa mara sita, akaonyesha zote sita. Juu ya baka mara sita, amekaa amefumba macho, akaniuliza, "Baba, bado hujaanza?" Mama yake ametoka nje.

Mchunguzi_Mkuu: Nisamehe ndugu yangu. Tiketi jaribu kuirudisha mapema, usingoje Alhamisi.

BabaNuru: Nitakwenda kwa mratibu Jumatatu. Nuru mwenyewe anauliza kama kile kichanjo kinauma.

TabibuMstaafu: Wanabana ngozi kwa vidole mpaka iwe nyeupe, wanachanja milimita chache, wanakwangua. Huchukua kwenye ndewe za masikio na ukingoni mwa baka. Sikioni atasikia. Kwenye baka pengine hatasikia.