Spika ya kiunoni au vibao vya kujibia? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

chaki_kavu: Wakuu habari za jioni. Nina kama elfu themanini, Jumamosi naenda Kariakoo. Nichukue ile spika ndogo ya kufunga kiunoni yenye maiki ya kichwani, au nitengeneze vibao vya kujibia, yani A4 nyeupe unailamineti, mtoto anaandika jibu kwa maka anainua juu unaona darasa zima? Kelele zimenishinda na koo linauma.

Mwl_Mbagala: Mkuu somo gani, kidato gani, wako wangapi, umeme upo? Bila hayo tunapiga ramli tu.

chaki_kavu: Samahani. Form one, hesabu, wako 94, shule ya kata. Darasani hakuna soketi, umeme ofisini tu.

mama_Nai: 94 na kiwango ni 40! Tangu ada ifutwe 2016 watoto wamejaa, madarasa hayatoshi. Vibao mkuu. Kimoja watoto watatu, kama 32 hivi, kulamineti kwangu ni buku kwa kimoja. Wa katikati anaandika, swali linalofuata anampa jirani. Ila maka ziwe za kufutika, na kila dawati kitambaa chao, la sivyo watafuta kwa mashati.

kipindi_cha_nne: Spika mimi hapana kabisa. Nilinunua kwenye duka moja hapo hapo Kariakoo, jamaa kaijaribu mbele yangu inalia safi, nafika shule mwezi haujaisha betri inakata katikati ya kipindi, narudi ananiambia mali ikishatoka mlangoni hairudi. Na hata ilipokuwa nzima ilikuwa shida, kuta zetu hazifiki juu kwenye bati, nikifundisha milinganyo mwenzangu wa upande wa pili anafundisha ngeli, watoto wake wanajibu maswali yangu, mpaka tukaitwa ofisini. Mvua ikipiga bati ndio husikii spika wala mtu.

Tandika_Finest: Mnasumbuka bure, fimbo mbili mbele ya darasa kelele zinaisha.

Mwl_Mbagala: Kwa ruhusa ya nani? Kanuni za viboko za 2002 ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kitabuni. Na mtoto anayeogopa hakuulizi swali, hesabu atazijuaje?

Tandika_Finest: Sisi tulichapwa na tukafaulu.

mama_Nai: Na walioacha shule kwa kuchapwa hawapo humu kuandika.

ticha_wa_lugha: Mimi naona kelele zinatoka kwingine. Mtoto katoka la saba, hesabu za sehemu alijifunza kwa Kiswahili anazijua vizuri, leo swali lote Kiingereza, dakika ya kumi kashapotea anaanza stori na jirani. Mfanyie mfano mmoja pole pole, waachie jirani kwa jirani waelezane kwa Kiswahili, ndio uulize. Hao upimaji wa form two unawasubiri mwakani.

kipindi_cha_nne: Wakiachiwa waelezane 94 si ndio soko?

ticha_wa_lugha: Wape muda mfupi, monita wa kila mstari asimamie, ukiinua mkono wote kimya. Ukiwa thabiti wiki za mwanzo wanazoea.

chaki_kavu: Koo je wakuu? Nina vipindi mfululizo mpaka mchana.

mama_Nai: Maji ya uvuguvugu, na usishindane nao kwa sauti. Kuna anayejua maka za kufutika jumla wanauzaje sasa hivi?